Kijana aliyelala na viatu

Mama yake alinipigia simu jioni, muda mfupi kabla ya masomo ya usiku. Hakuuliza maksi wala ada. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mwalimu, mwanangu amepata wa kukaa naye huko?" Nikamjibu papo hapo, "Usiwe na shaka, mama. Ameshazoea." Akashukuru, akaniombea heri, tukaagana.

Usiku ule nilikuwa zamu. Nikipita mabwenini huwa namulika sakafu, maana ukimmulika mtoto usoni umemwamsha. Kwenye bweni la wavulana wa mwaka wa kwanza, kitanda cha pili kutoka mlangoni, mwanga wa tochi ukaangukia soli za viatu. Blanketi lilikuwa limemfunika hadi kidevuni, ila miguu ilikuwa imechomoza upande wa pili, na ilikuwa na viatu vya shule, vimekazwa kamba kwa mafundo mawili.

Nikainama. Hakuwa amelala. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kope zinatetemeka.

"Mbona umelala na viatu, mwanangu?"

"Baridi, mwalimu."

Madirisha yote yalikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Ilinichukua siku nne kuupata ukweli, na hata huo sikuupata kwake. Wakubwa walikuwa wakiingia usiku wa manane, wanagonga vyuma vya vitanda, na wapya wanatakiwa wawe wamesimama mstari, wamevaa viatu, kabla mtu hajamaliza kuhesabu hadi 10. Wa mwisho ndiye anayetumwa: akachote maji, akafue soksi za watu, aimbe amepiga magoti mpaka wenyewe wachoke kucheka. Kijana wangu alikuwa mzito wa kufunga kamba. Akaona bora alale tayari. Alikuwa amelala hivyo wiki tatu.

Nimefanya kazi katika shule za wavulana kwa miaka 19, mingi nikiwa mwalimu wa bweni, na lile jibu langu kwa mama yake ndilo ninalolijutia kuliko yote niliyowahi kumpa mzazi. Nilimpigia tena. Nikamwambia kwamba nilimjibu kitu nisichokijua, nikamweleza nilichokikuta. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Asante kwa kunirudia, mwalimu," na sauti yake sijaisahau.

Jambo gumu zaidi kuliandika ni kwamba nilijua. Sikumjua mtoto gani wala usiku gani, lakini nilijua kuna "mapokezi". Nilipokuwa mvulana nami niliyapitia. Nilibeba masanduku ya watu, niliitwa majina nisiyoweza kuyarudia hapa, na mwisho wa muhula wa kwanza kaka mmoja mkubwa akanishika bega mbele ya wenzake akasema, "Huyu sasa ni wetu." Kwa miaka mingi niliikumbuka siku hiyo kwa furaha kuliko siku niliyopata matokeo. Ndiyo maana, nikiwa mwalimu, kila nilipoona wapya wanasumbuliwa kidogo nilijiambia wanakomazwa, itapita, hata sisi tulipitia.

Wakubwa wale walipoitwa, mmoja wao alilia. Hakulia kwa kuogopa adhabu. Alisema, "Mwalimu, mimi nilipigishwa magoti kuliko hawa. Nikavumilia. Sasa zamu yangu imefika ndiyo mnafuta?" Alikuwa anadai haki yake. Aliamini kwa moyo wote kwamba kuna deni, na kwamba sisi tumemdhulumu.

Nilikuja kumwelewa baada ya kusoma kuhusu jaribio lililofanywa mwaka 1959 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elliot Aronson na Judson Mills. Waliwachukua wanafunzi wa kike wa chuo waliotaka kujiunga na kikundi cha majadiliano. Baadhi walipitishwa kwanza kwenye mtihani wa kuaibisha sana, wengine wa kuaibisha kidogo, wengine wakaingia bila mtihani. Kisha wote wakasikilizishwa mazungumzo ya kikundi hicho, yaliyotengenezwa makusudi yachoshe. Walioaibishwa zaidi ndio walioyasifu zaidi. Mtu hakubali upesi kwamba aliumizwa bure. Ni rahisi kuamini kwamba alichokipata kilistahili maumivu yale. Nikajiona mimi mwenyewe na lile bega langu lililoshikwa. Nikamwona na yule kijana anayelia kwa kunyimwa zamu yake ya kuumiza. Mapokezi yale yalikuwa yanatupa kweli hisia ya kuwa wa mahali fulani. Hapo ndipo ugumu wake ulipo. Yangekuwa uonevu mtupu usio na tamu yoyote, yangekufa zamani.

Tangu hapo sijiulizi tena kama wavulana watapata pa kuwa. Watapata. Mvulana wa miaka 13 akikosa watu wa kusema "huyu ni wetu" mezani, atawatafuta nyuma ya majengo, na atalipa watakachomtoza. Ninachojiuliza ni nani anayempokea, na anamtoza nini.

Mwanzoni tulifanya yale ambayo shule nyingi hufanya. Tulibandika maneno kwenye ukuta wa bwalo: uaminifu, ujasiri, heshima. Tulialika wasemaji. Tulitunga wimbo. Sina ugomvi na nyimbo, lakini nilisimama siku moja chini ya neno "heshima" nikatazama foleni ya chakula, jinsi wadogo walivyokuwa wanarudishwa nyuma kwa viwiko bila hata mtu kugeuza shingo, nikaona tumewapaka rangi kuta tu.

Kilichobadilisha mambo kilianza bila mpango. Kijana wa viatu alikuwa amezoea kuamka kabla ya watu, na mpiga kengele wetu alikuwa amemaliza shule. Nikampa kengele. Ni kengele ya mkono, ya shaba, nzito kuliko inavyoonekana, na mpini wake wa mbao ulikuwa na ufa unaobana ngozi ya kiganja. Siku ya tatu nikaona ameuviringisha kitambaa, akakishona kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Hakuniomba kitambaa wala uzi. Sikuuliza alivitoa wapi.

Mpiga kengele hapendwi na mtu saa kumi na moja alfajiri. Alirushiwa mito, alisemwa. Lakini aligonga kwa saa, kila siku, hadi asubuhi moja alipougua homa. Shule nzima ikachelewa kuamka. Walimu wamesimama madarasani peke yao, wavulana wanakimbia mashati hayajafungwa, na kila niliyekutana naye njiani aliuliza kitu kile kile: "Yuko wapi wa kengele?" Nilipokwenda chumba cha wagonjwa saa nne niliwakuta wavulana wawili wa mwaka wa tatu wameketi pembeni ya kitanda chake, mmoja ameshika kikombe cha maji. Mmoja kati ya hao wawili ni miongoni mwa wale waliokuwa wakihesabu hadi 10.

Walipoondoka, kijana akanitazama, macho yamelegea kwa homa, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa: "Mwalimu, wamenitafuta."

Neno hilo moja limenifundisha kazi yangu kuliko semina zote nilizohudhuria. Kutafutwa. Mvulana ni wa mahali pale ambapo asipoonekana, pengo lake linauma mtu. Sare haimfanyi wa pale, wala kuandikishwa, wala hata kupendwa kwa jumla jumla.

Kuanzia muhula uliofuata nikawa nafanya zoezi dogo. Wiki ya nne, kila mvulana wa bweni anapewa karatasi na kuandika majina mawili: nani angekutafuta leo usiku kama usingetokea bwaloni? Wananipa mimi mkononi, hakuna mwingine anayesoma. Nikiwa peke yangu nachora duara kwa kila jina na mshale kwenda kwa aliyetajwa. Si ugunduzi wangu. Daktari wa akili Jacob Moreno alikuwa anachora ramani za namna hii za mahusiano ya watu tangu miaka ya 1930. Lakini ukiichora mwenyewe, kwa kalamu, ya watoto unaowajua, mkono unakuwa mzito.

Mara ya kwanza nilitafuta duara zisizofikiwa na mshale wowote. Wengi nilikuwa nimewakisia: wapole, wageni, yule mwenye kigugumizi. Mmoja alinishtua. Alikuwa mshambuliaji wa timu, mchekeshaji wa bweni, kijana ambaye akiingia mlangoni chumba kinachangamka. Hakuna hata mmoja aliyesema kijana huyo angemtafuta, na yeye mwenyewe alikuwa ameacha karatasi tupu. Nilimwita kwa kisingizio cha mipira. Tulizungumza mipira kwa dakika ishirini, kisha akasema, akiangalia mikono yake, "Wao wananipenda nikichekesha, mwalimu. Nikinyamaza wanauliza nimekasirika nini."

Niobe Way, profesa wa Chuo Kikuu cha New York, amehoji wavulana kwa miaka mingi, na aliyoyaandika mwaka 2011 ninayaona kwa macho yangu kila siku. Mvulana wa miaka 12 au 13 anamzungumzia rafiki yake bila aibu: namwambia siri zangu zote, bila yeye ningechanganyikiwa. Akifika miaka 15, 16, maneno hayo yanakatika. Anasema siku hizi hatuko karibu sana, anasema haijalishi, na katika kusema haijalishi unasikia inavyomuuma. Anakuwa ameshaambiwa kwa njia mia kwamba ukaribu wa namna hiyo ni wa kike, au wa kitoto. Ninawaomba walimu wenzangu wa kiume walizingatie hili. Utani wetu wenyewe, tunapowakuta vijana wawili wameketi kimya wakizungumza tukawauliza kama ni mume na mke, unachangia. Nimeutoa utani huo mdomoni mwangu. Nilikuwa nao.

Kutokana na kengele tukaanza kugawa kazi, na hapo nilikosea tena. Kazi nyingi tulizobuni zilikuwa za jina: balozi wa usafi, balozi wa tabasamu, beji kifuani. Wavulana waliing'amua hila ndani ya wiki moja. Mtoto anajua kama kazi yake ikiachwa hakuna kitakachoharibika. Kurt Hahn alilijua hilo. Ni mwalimu Mjerumani aliyefungwa na kisha kuondoka nchini mwake mwaka 1933 kwa kumpinga Hitler, akafungua shule ya wavulana ya Gordonstoun huko Uskoti mwaka 1934. Wavulana wake walishika zamu ya kulinda pwani, na baadaye wakawa na kikosi cha zimamoto. Bahari haichezi, na moto hauchezi. Ukisinzia, mtu anakufa.

Sisi hatuna bahari wala sina nia ya kuwapeleka watoto motoni. Lakini tuna maji yanayotakiwa kujazwa usiku, maktaba yenye ufunguo mmoja, mgonjwa anayehitaji chakula kikiwa bado cha moto, mwenzao asiyeona vizuri anayehitaji kusomewa ubao. Tulizifuta kazi za beji. Zilizobaki ni chache na kila moja ina mwenyewe, na sheria ni kwamba mtu mzima haruhusiwi kuifanya badala yake. Hilo lilitugharimu. Kuna jioni maktaba haikufunguliwa na watu 30 wakasimama mlangoni wakimsubiri mvulana mmoja aliyesahau. Mkutubi alikuwa na ufunguo wa akiba mfukoni, nikamsihi asiutoe. Mvulana alikuja akikimbia, akafungua, mikono inatetemeka, akasema "Samahanini" kwa kila aliyepita mlangoni, mmoja mmoja. Hajasahau tena. Mimi siwezi kumfundisha mtoto uwajibikaji kwa mdomo kwa kiwango kile.

Kuhusu viranja nina maneno zaidi. Utaratibu wa kuwakabidhi wavulana wakubwa ulinzi wa wadogo una historia ndefu. Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wa shule ya Rugby huko Uingereza kuanzia 1828 hadi alipofariki 1842, aliutegemea sana, na shule nyingi za wavulana duniani zimerithi kitu kutoka huko. Alikuwa na imani kubwa kwamba ukimwamini kijana atafikia kimo cha imani yako. Nakubaliana naye nusu. Kijana uliyempa madaraka ya kuadhibu bila kumpa mtu wa kumhudumia atafikia kimo cha fimbo. Kwetu tulihamisha vitanda. Zamani viranja walilala mwisho wa bweni, mbali na mlango, penye dirisha zuri, na wapya mlangoni penye upepo na kelele. Sasa kiranja analala kitanda cha kwanza mlangoni. Anayetaka kuwafikia wadogo usiku ampite yeye. Waliokubali ukiranja kwa sababu ya dirisha walijiuzulu muhula huo huo, na tuliwaaga kwa amani.

Kuna jambo moja linalonipa wasiwasi hata leo, nalo ni mashindano ya mabweni. Wavulana wanayapenda, na mimi pia. Lakini nakumbuka jaribio la mwanasaikolojia Muzafer Sherif la mwaka 1954 kule Oklahoma, Marekani. Wavulana 22 wa umri wa miaka 11 hivi, watoto wa kawaida kabisa, waligawanywa makundi mawili kambini. Wakapewa muda wa kuzoeana kila kundi peke yake, kisha wakaanza kushindanishwa kwa mpira na kuvuta kamba. Haikupita wiki, wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana vyumbani. Waliporuhusiwa kula pamoja, walirushiana chakula. Kilichowapatanisha ni shida: maji ya kambi yalikatika ikabidi wote watafute tatizo, na lori lililokuwa liende kuleta chakula likagoma kuwaka. Wakalivuta pamoja kwa kamba. Ilikuwa kamba ile ile waliyokuwa wakivutana nayo.

Hadithi hiyo husimuliwa sana. Inayosimuliwa kidogo ni ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1953 Sherif alijaribu jambo hilo hilo katika jimbo la New York, likamshinda. Safari ile wavulana walikuwa wamekaa pamoja wote kwanza, wakafanya urafiki, ndipo wakagawanywa. Watafiti walichokoza kila namna, na watoto wakakataa kugombana, hadi wakaanza kuwashuku watu wazima wenyewe. Nilipolisoma hilo nilikwenda kwa mkuu wa shule siku ile ile. Tulikuwa tunawagawa wapya katika mabweni yao siku ya kwanza, saa ya kwanza, kabla hata hawajaweka masanduku chini. Sasa wanakaa wote pamoja kwanza, wiki mbili, wakichanganyika, wakila pamoja, wakijifunza njia pamoja. Wakigawanywa, kila mmoja anakuwa ameacha rafiki upande wa pili. Kelele za mashindano hazijapungua hata kidogo, ila nimeanza kuona kitu ambacho sikukiona miaka ya mwanzo: filimbi ya mwisho ikilia, wanavuka mstari kutafutana.

Sasa la mwisho, ambalo ni gumu kwangu kuliko yote. Kuwa "wetu" kunaweza kumfanya mvulana mwema aseme uongo. Mwaka mmoja kijana alikutwa asubuhi na mdomo uliopasuka. Wavulana 40 wa bweni lile, nikiwauliza mmoja mmoja, wote walikuwa wamelala. Wote. Hata aliyelala kitanda cha juu yake. Nilikasirika sana, nikahubiri kuhusu ukweli, na nilipokuwa nahubiri niliona nyuso zinafungwa moja baada ya nyingine kama madirisha kabla ya mvua. Kwao nilikuwa nawataka wawasaliti wenzao, na usaliti kwa mvulana ni dhambi kuu. Lazima niseme pia kwamba siidharau hisia hiyo. Uaminifu kwa wenzako ni tabia njema. Ulikuwa umeshikwa vibaya tu.

Mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima anayesimamia chumba cha wagonjwa, ndiye aliyenifungua. Aliniambia, "Wewe unauliza nani alimpiga. Uliza nani alimletea taulo." Kweli, kijana alikuja kwake na taulo lenye maji baridi, na halikuwa lake. Nikarudi bwenini jioni, nikaketi kitandani kwa mmoja wao badala ya kusimama, nikasema nataka kumshukuru aliyempa mwenzake taulo. Kimya. Kisha mkono mmoja mwembamba. Nikamwambia kwamba usiku ule yeye alikuwa mtu pekee bwenini aliyekuwa upande wa bweni zima, nikaondoka. Sikuuliza zaidi. Kesho yake kabla ya kengele walikuja watatu mlangoni kwangu, na aliyepiga alikuwa mmoja wao.

Mtafiti Christina Salmivalli wa Ufini na wenzake walieleza tangu mwaka 1996 kwamba uonevu hauhusu watu wawili tu. Kuna wanaomsaidia mwonevu, kuna wanaocheka pembeni, kuna wanaotazama pembeni, na kuna wachache wanaomtetea anayeonewa. Mpango wa KiVa wa kupambana na uonevu, ulioenezwa katika shule za nchi hiyo kuanzia 2009, umejengwa juu ya hao wa pembeni. Nami nasema kwa uzoefu wangu: mwenye taulo yupo karibu kila mara. Anaogopa tu kwamba yuko peke yake.

Aliyepiga hakufukuzwa. Alitakiwa kukaa mbele ya aliyemuumiza, na mama wa chumba cha wagonjwa katikati, asikilize bila kujitetea. Kisha kwa mwezi mzima alimsaidia mama yule kila jioni. Ningeweza kusema alibadilika kabisa, lakini sivyo; aligombana tena mwaka uliofuata. Safari hiyo alikuja mwenyewe kuniambia kabla sijasikia kwa mtu.

Wazazi huniuliza kama haya yote hayawezi kufanywa na wavulana wenyewe. Sehemu kubwa ndiyo, lakini kuna sehemu ni yetu watu wazima. Watafiti Michael Reichert na Richard Hawley waliwauliza walimu wapatao 1,000 na wavulana kama 1,500 katika nchi kadhaa waeleze somo lililofanikiwa. Walimu walieleza mbinu zao. Wavulana walimweleza mwalimu: alivyowajua, alivyowacheka bila kuwadharau, alivyorudi baada ya kuwakosea. Na uhusiano ukivunjika, waligundua, mvulana ni nadra kuanza kuutengeneza. Atakaa nyuma ya darasa, atakunja mikono, atakuwa mkorofi, huku anasubiri. Inabidi mkubwa aanze. Nimesubiri wavulana waje kuniomba radhi kwa miaka, nikidhani ndiyo malezi. Wengine wamemaliza shule tukiwa bado tunasubiriana.

Kijana wa viatu sasa yuko mwaka wa mwisho. Analala kitanda cha kwanza mlangoni, bweni la wapya. Kengele alimkabidhi mwingine mwaka jana, na nilimwona akimwonyesha jinsi ya kushika mpini ili usibane kiganja. Kitambaa ni kile kile, kimekuwa cheusi.

Juzi baba mmoja alinipigia simu. Mwanawe ana siku kumi na mbili tu hapa. Akazunguka kidogo, akauliza chakula, akauliza vitabu, kisha akafika alipokuwa anakwenda: "Mwalimu, kijana wangu amepata wenzake?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, lile lile la zamani. Nikamwambia, "Bado sijui, baba. Nipe mpaka Ijumaa ya wiki ijayo."

Karatasi nimeshazikata. Usiku huu nimempitia. Amelala kifudifudi, mdomo wazi, viatu vyake viko chini ya kitanda, kimoja kimeangalia huku na kingine kule.